Kutathmini aloi za titani kwa matumizi ya meno: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya madaktari wa meno, mafundi wa maabara za meno, wanafunzi, na yeyote anayepaswa kuamua kama aloi fulani ya titani inafaa kuwekwa katika kinywa cha mgonjwa. Majibu yote yanasimama juu ya hoja moja: kinachopaswa kutathminiwa ni kifaa kilichokamilika, kwa umbo lake, kwa namna kilivyotengenezwa na kwa hali ya kinywa kitakamofanyia kazi. Jina la aloi na cheti chake ni mwanzo wa kazi hiyo.

Kwa nini titani imepewa nafasi kubwa hivi katika tiba ya meno?

Chanzo chake ni jambo lililoonekana katika mfupa wa sungura. Mwaka 1952, nchini Uswidi, Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mfupa kwa kutumia vyombo vidogo vya titani vilivyopandikizwa mguuni mwa mnyama. Alipotaka kuvitoa, alikuta mfupa umevishika kiasi kwamba havikutoka. Mwaka 1965 alimtibu mgonjwa wa kwanza kwa vipandikizi vya meno vya titani, na baada ya mkutano uliofanyika Toronto mwaka 1982 mbinu hiyo ilianza kupokewa na vyuo na hospitali nyingi nje ya Skandinavia.

Sifa inayowezesha hayo iko kwenye uso wa metali. Titani ikikutana na hewa au maji hujifunika papo hapo kwa utando wa oksaidi wenye unene wa nanomita chache tu, na utando huo ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe mradi oksijeni ipo. Mfupa na fizi hugusana na oksaidi hiyo, si na metali yenyewe. Pamoja na hayo, titani ni nyepesi: uzito wake ni takriban gramu 4.5 kwa sentimita moja ya ujazo, ilhali aloi za kobalti na kromi hukaribia mara mbili ya kiasi hicho, tofauti ambayo mgonjwa mwenye meno bandia ya taya la juu huihisi.

Titani safi na aloi ya titani zinatofautianaje?

Titani inayoitwa safi kibiashara hugawanywa katika daraja nne, na kinachozitenganisha hasa ni oksijeni na chuma kidogo kilichomo. Katika kiwango cha Kimarekani cha ASTM F67, daraja la 1 haliruhusiwi kuwa na oksijeni zaidi ya asilimia 0.18, na nguvu yake ya kuhimili mvuto huanzia megapaskali 240 (megapaskali ni kipimo cha nguvu kwa kila eneo la metali). Daraja la 4 huruhusiwa oksijeni hadi asilimia 0.40, na nguvu yake huanzia megapaskali 550. Kiasi kidogo sana cha oksijeni, basi, huongeza nguvu maradufu na kupunguza uwezo wa metali kunyumbuka kabla ya kukatika. Msomaji alikumbuke jambo hili, kwa sababu oksijeni hiyohiyo inaweza kuingia bila kukusudiwa wakati wa kutengeneza kifaa.

Aloi inayotumika zaidi ni Ti-6Al-4V, yenye alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4 kwa uzito. Toleo lake la kitabibu, ambalo oksijeni yake imebanwa isizidi asilimia 0.13, huhimili mvuto wa megapaskali 860 au zaidi. Ipo pia Ti-6Al-7Nb, ambamo niobi imechukua nafasi ya vanadi, na zipo aloi za titani na zirkoni zenye zirkoni ya takriban asilimia 13 hadi 17, zilizotengenezwa mahususi kwa ajili ya vipandikizi vyembamba.

Je, vanadi na alumini zilizomo zina madhara?

Vanadi ikiwa katika umbo la ayoni ni sumu kwa seli, na hilo limeonekana mara nyingi katika vyombo vya maabara. Ndiyo sababu Ti-6Al-7Nb ilibuniwa. Hata hivyo, swali la kutathmini ni kiasi gani cha vanadi hutoka kwenye kifaa na kufika kwenye tishu. Utando wa oksaidi ukiwa mzima, kiasi hicho huwa kidogo sana, na Ti-6Al-4V imekaa katika miili ya wagonjwa wengi kwa miongo kadhaa. Hofu yangu haiko kwenye orodha ya elementi zilizomo. Iko mahali ambapo utando huvunjwa kila siku bila kupumzika, kama vile kwenye kiungo kati ya kipandikizi na nguzo inayobeba taji, ambapo vipande viwili vya metali husuguana kwa mwendo mdogo usioonekana kwa macho. Mtengenezaji anayetumia aloi yenye vanadi katika kiungo kinachosuguana anapaswa kuonyesha vipimo vya kiungo hicho, si vya bamba lililong'arishwa.

Ni kipimo gani cha nguvu kinachopaswa kupewa uzito zaidi?

Ni kipimo cha uchovu wa metali. Takwimu ya nguvu ya mvuto huandikwa kwa herufi kubwa katika vipeperushi kwa sababu ni rahisi kuipima na inapendeza kuilinganisha, lakini ni nadra kwa kipandikizi kuvunjika kwa pigo moja. Huvunjika baada ya kutafuna kwa miaka, kila tafuno likiwa na nguvu iliyo chini kabisa ya ile inayoweza kukikata kwa mara moja. Ufa huanzia mahali penye pembe kali, kwa kawaida kwenye mzizi wa uzi wa skrubu au kwenye shingo ya nguzo, kisha husonga kidogo kidogo. Ukiutazama uso wa kipande kilichovunjika kwa hadubini ya elektroni, utaona mistari myembamba iliyopangana sambamba kutoka kwenye kitovu kimoja, na upande wa pili utaona eneo lenye mikwaruzo na vishimo ambapo metali iliyobaki ilikatika ghafla. Ukubwa wa eneo hilo la mwisho hueleza mengi: likiwa dogo, maana yake ufa ulitembea muda mrefu chini ya mzigo wa kawaida.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 14801 kiliandikwa kwa ajili ya hali hii. Kipandikizi hushikwa kwa namna inayoiga mfupa uliopungua kwa milimita 3, kisha husukumwa kwa mshazari wa nyuzi 30 mara kwa mara. Jaribio likifanyika pakavu huendelezwa hadi mizunguko milioni 5, na kasi haizidi mizunguko 15 kwa sekunde. Likifanyika ndani ya kimiminika, mizunguko milioni 2 hutosha, lakini kasi hushuka hadi mizunguko 2 kwa sekunde ili kemia ya kimiminika ipate muda wa kutenda. Mizigo hupunguzwa hatua kwa hatua hadi upatikane ule ambao sampuli huumudu bila kuvunjika.

Anayesoma ripoti ya jaribio hili aangalie mambo mawili kabla ya kuifikia takwimu ya mwisho. La kwanza ni kama kilichopimwa ni muundo dhaifu kuliko yote katika familia ya bidhaa, yaani kipenyo kidogo zaidi na nguzo yenye pembe kubwa zaidi. Kwa silinda isiyo na tundu, uwezo wa kuhimili kupindwa hufuata kipeo cha tatu cha kipenyo, hivyo kutoka milimita 4.1 hadi 3.3 unabakiwa na takriban nusu tu ya uwezo huo. Ripoti ya kipandikizi kinene haiwezi kukitetea chembamba. La pili ni skrubu: mara nyingi skrubu ndiyo inayotangulia kushindwa, na ripoti isiyosema skrubu ilikazwa kwa nguvu gani ina pengo kubwa.

Je, aloi yenye ukakamavu mdogo ni bora daima?

Hapana, ingawa dai hilo husikika mara nyingi. Moduli ya Young, yaani kipimo cha ukakamavu, ya titani safi ni karibu gigapaskali 105 na ya Ti-6Al-4V ni karibu 110, ilhali ya mfupa mgumu wa taya hukadiriwa kati ya 10 na 30. Hoja ya wanaotafuta aloi laini zaidi ni kwamba kipandikizi kikakamavu mno hubeba mzigo chenyewe na kuuacha mfupa bila kazi, nao mfupa usio na kazi hupungua. Ndiyo sababu ya kubuniwa kwa aloi zenye ukakamavu mdogo kama Ti-13Nb-13Zr (ya titani, niobi na zirkoni), yenye moduli ya takriban gigapaskali 80.

Hoja hiyo ina nguvu zaidi kwa shina refu la nyonga bandia kuliko kwa skrubu fupi ndani ya taya, ambayo huupitishia mfupa mzigo kwa njia tofauti, na umbo la nyuzi zake lina athari kubwa kwa mgawanyo wa mkazo. Kwa daraja refu la meno, ukakamavu mdogo ni hasara ya wazi: daraja likipinda, kauri iliyo juu yake hupasuka. Kwa mkono wa kishikio cha meno bandia, kwa upande mwingine, ni faida, maana titani hupinda takriban mara mbili ya kobalti-kromi chini ya nguvu ileile, na kishikio huweza kuingia kwenye mbonyeo wa jino wenye kina zaidi bila kulilazimisha.

Ulikaji, yaani kuliwa kwa metali na kemikali, hupimwaje?

Kwa njia mbili kuu zilizomo katika ISO 10271. Ya kwanza ni kuitumbukiza sampuli kwa siku 7, katika joto la nyuzi 37 za Selsiasi, ndani ya mchanganyiko wa asidi ya laktiki na chumvi wenye pH (kipimo cha asidi) ya 2.3, kisha kupima ayoni zilizotoka. Kiwango cha ISO 22674 huruhusu jumla isiyozidi mikrogramu 200 kwa kila sentimita ya mraba katika siku hizo 7, na titani iliyotayarishwa vizuri hubaki chini sana ya kikomo hicho. Ya pili ni ya kielektrokemia, ambapo sampuli hupandishiwa volteji polepole na mkondo unaopita hurekodiwa ili ijulikane utando wa oksaidi unavunjika wapi.

Kufaulu kwenye mchanganyiko huo hakutoshi, kwa sababu hauna floraidi, hauna bakteria, na hauna msuguano. Hayo matatu ndiyo yanayoitesa titani kinywani.

Floraidi ya dawa ya meno huiharibu titani?

Jibu linategemea asidi. Floraidi peke yake, katika dawa ya meno ya kawaida yenye sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni na pH iliyo karibu na ya kati, haiuvunji utando kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Mambo hubadilika pH inaposhuka: floraidi hushikana na ayoni za hidrojeni na kuwa asidi ya hidrofloriki, ambayo ni miongoni mwa vitu vichache sana vinavyoweza kuyeyusha oksaidi ya titani. Jeli za kliniki za fosfeti zenye asidi, ambazo zina floraidi ya asilimia 1.23 na pH ya karibu 3.5, zinaweza kuuchakaza uso wa titani na kuupotezea mng'ao. Mgonjwa mwenye vipandikizi apewe bidhaa ya floraidi isiyo na asidi. Hakuna sababu ya kumnyima floraidi yenyewe, kwa sababu meno yake ya asili bado yanaihitaji.

Mtathmini anayepima aloi mpya afanye jaribio la floraidi katika pH zaidi ya moja. Takwimu ya pH ya kati pekee itamfariji bure.

Kuna shida kuweka titani pamoja na metali nyingine kinywani?

Titani huwa upande wa hifadhi katika jozi nyingi, kwa hiyo inayoliwa kwa kawaida ni metali ya jirani, hasa amalgamu au aloi ya bei nafuu isiyo na kromi ya kutosha. Aloi za dhahabu na kobalti-kromi nzuri huvumiliana nayo vyema.

Utangamano na mwili huthibitishwa kwa vipimo gani?

Mwongozo mkuu ni mfululizo wa ISO 10993, pamoja na ISO 7405 unaohusu vifaa vya meno peke yake. Huanza na kipimo cha sumu kwa seli, kisha huwasho na mzio, na kwa vifaa vinavyokaa ndani ya mfupa hufuata upandikizaji katika mnyama. Mpangilio huu una busara: swali rahisi huulizwa kwanza, na mnyama hatumiwi mpaka kuwe na sababu.

Lililo muhimu kwa mtathmini ni hali ya sampuli iliyopelekwa. Sampuli ipitie hatua zote ambazo kifaa halisi hupitia: mashine ileile, mafuta yaleyale ya kukatia, mchanga uleule wa kupigia uso, usafishaji na utakasaji uleule. Kinachoangusha kifaa katika kipimo cha seli mara nyingi ni mabaki ya mafuta au ya sabuni yaliyojificha kwenye nyuzi, wakati aloi yenyewe haina kosa.

Mgonjwa anaweza kuwa na mzio wa titani?

Visa vimeripotiwa, lakini ni vichache, na kipimo cha ngozi cha titani bado si cha kutegemewa kama kile cha nikeli. Mzio wa nikeli ni wa kawaida zaidi. Mgonjwa anayesema hereni za bei ndogo humwasha aulizwe kwa makini kabla ya kuwekewa waya wa nikeli-titani, ambao nikeli yake ni karibu asilimia 55 kwa uzito. Ingawa aloi hiyo huishikilia nikeli kwa nguvu, uamuzi ufanywe kwa kujua.

Uso wa kifaa unapaswa kuwa laini au wenye mikwaruzo?

Yote mawili, kila moja mahali pake. Sehemu inayoingia katika mfupa hushikwa vizuri zaidi ikiwa na ukwaru wa wastani wa mikromita 1 hadi 2, ambao kwa kawaida hupatikana kwa kupigwa mchanga na kisha kuoshwa kwa asidi. Sehemu inayopita kwenye fizi inatakiwa iwe laini, na ukwaru wa takriban mikromita 0.2 ndio mpaka unaotumika sana: juu yake utando wa bakteria huongezeka, chini yake faida ya kung'arisha zaidi haionekani. Chembe za alumina (oksaidi ya alumini inayotumika kama mchanga) zilizokwama baada ya kupigwa mchanga zitafutwe kwa hadubini, na zikikutwa nyingi, hatua ya usafishaji irudiwe kuchunguzwa.

Namna ya kutengeneza hubadilisha nini?

Hubadilisha karibu kila kitu, na hapa ndipo tathmini nyingi hukwama. Titani huyeyuka katika nyuzi 1,668 za Selsiasi, na katika joto hilo hunyakua oksijeni kutoka popote inapoipata, iwe hewani au kwenye plasta ya kalibu iliyo na silika. Ndiyo maana umiminaji hufanyika ndani ya argoni au katika ombwe, na kalibu bora hutengenezwa kwa magnesia au zirkonia.

Hata hivyo uso huathirika. Kata kishikio kilichomiminwa, king'arishe, kisha ubonyeze ncha ya almasi ya kipima ugumu kwa vituo kutoka ukingoni kuelekea katikati: alama za ukingoni zitakuwa ndogo na zenye mipasuko, za katikati zitakuwa kubwa na safi. Ukanda huo wa nje umejaa oksijeni, ugumu wake unaweza kuzidi ule wa katikati maradufu, na unapasuka kwa urahisi. Usipoondolewa, ufa wa uchovu huwa tayari umepata pa kuanzia. Kwa kuwa titani ni nyepesi, pia haiijazi kalibu kwa nguvu, na mapovu hubaki ndani. Kwa bahati njema eksirei hupenya titani kwa urahisi, na kila kiunzi (umbo la metali linalobeba meno bandia) kilichomiminwa kinapaswa kupigwa picha kabla ya kukabidhiwa.

Kuchonga kwa mashine kutoka katika pande lililoviringishwa kiwandani huepusha shida hizo, kwani metali haiyeyushwi tena. Njia ya leza na unga ina tabia zake: unga huyeyuka na kuganda kwa kasi kubwa, na Ti-6Al-4V huwa na muundo wa martensiti, yaani mpangilio wa fuwele unaotokana na kuganda kwa ghafla, wenye nguvu inayozidi megapaskali 1,000 lakini usionyumbuka vya kutosha. Mikazo iliyobaki ndani hupindisha kiunzi mara kinapokatwa kutoka kwenye sahani yake, ikiwa hakikupashwa joto kwanza. Unga unaotumika tena na tena huongezeka oksijeni, na kwa hiyo maabara isiyo na kumbukumbu ya unga wake umetumika mara ngapi haiwezi kusema kwa uhakika imetengeneza aloi ya daraja gani.

Kauri hushika vizuri juu ya titani?

Hushika ikiwa joto la tanuri limedhibitiwa. Titani safi hubadilisha muundo wa fuwele zake katika nyuzi 882, na juu ya nyuzi 800 oksaidi huanza kuwa nene na kubanduka, hivyo hutumika kauri maalumu za joto la chini zenye mtanuko mdogo unaolingana na wa titani. ISO 9693 hudai mshikamano usiopungua megapaskali 25. Kauri ya kawaida ya kobalti-kromi isijaribiwe hata mara moja.

Cheti cha kiwanda kinatosha kununulia?

Hakitoshi, ingawa bila hicho mazungumzo yasianze. Cheti huthibitisha muundo wa kikemia na nguvu ya nondo au pande kwa namba ya kundi la uzalishaji, na namba hiyo ilingane na iliyogongwa au kuandikwa kwenye bidhaa. Baada ya hapo, muulize muuzaji ripoti ya uchovu ya muundo dhaifu zaidi, vipimo vya seli vilivyofanywa kwenye kifaa kilichokamilika na kutakaswa, matokeo ya ulikaji yenye floraidi, na maelezo ya kutibu kwa joto kama kifaa kimetengenezwa kwa leza. Muuzaji makini huwa na majibu hayo katika faili moja. Akikupa jedwali la sifa za aloi lililonakiliwa kutoka kitabuni badala ya matokeo ya kifaa chake, usinunue mpaka afanye vipimo hivyo, na jibu lake lihifadhiwe pamoja na rekodi za mgonjwa atakayewekewa kifaa hicho.